Kumbukumbu za Kikao cha Februari

Mimi ni karani. Kazi yangu ni kuandika walichosema.
Miaka kumi na tisa sasa, Alhamisi ya kwanza ya mwezi,
ukumbi wa halmashauri, mji mdogo wa Ulster ya mvua,
chai ya birika kubwa, biskuti zilizolegea,
na madiwani wameketi pande mbili kama meno ya mkasi.

Agenda ya nne: lango la ukuta wa Mtaa wa Chokaa.
Limefungwa tangu nikiwa darasa la tatu.
Mkunga akiitwa upande wa pili huzunguka maili tatu,
na mtoto, asiyejua siasa, hamngoji.

Mwenyekiti alikuwa mpya: Hephzibah Uprichard,
mwalimu mstaafu wa hesabu, wa dhehebu lile dogo
lisilo na padri wala kinanda,
ambalo waumini wake Jumapili huketi tu, wakisikiliza.
Akavua miwani. Akasema:
"Kabla hatujaanza kutupiana wafu wetu,
naomba dakika tano. Anayesali asali.
Asiyesali apumue."

Diwani Gilfillan alicheka puani.
Diwani Malachy Devenny alitazama saa yake, kisha dari.
Mimi nikashika kalamu, sina cha kuandika.

Dakika ya kwanza ilikuwa ya bomba la kupashia joto,
likigonga, likigonga, kama mdai aliyechoka.
Ya pili tumbo la mtu liliunguruma,
na pande zote mbili zikajizuia kucheka, pamoja.
Ya tatu sijui.
Ya nne nilimwona Gilfillan akitazama mikono yake.
Ni mikono ya mwoka mikate. Kaka yake alikuwa nayo pia,
hadi asubuhi ile duka liliporuka na trei zake
na unga ukashuka juu ya mtaa, taratibu, kama theluji.
Na Devenny, anayeketi mkabala naye,
alimzika binti wa miaka kumi na sita
aliyekuwa ametoka tu kununua stempu.
Watu husema yaliyopita si ndwele.
Waje wakae kwenye kiti changu
waone ndwele zikivaa tai.

Ya tano ilipokwisha, hakuna aliyesema imekwisha.

Kisha Gilfillan akakohoa. Nilijua neno lake;
nilikuwa nimekwisha liandika, kwa mazoea: *Anapinga.*
Akauliza, "Litafunguliwa saa ngapi?"

Nikafuta.

Sitaki kudanganya. Hawakukumbatiana.
Walibishana mpaka chai ikapoa:
kufuli, bima, nani atalipia taa.
Devenny alipiga meza mara mbili.
Hoja ilipita kwa kura moja.
Saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, kwa majaribio,
na ufunguo, kwa kuwa hakuna upande uliouamini mwingine,
akabidhiwe mwenyekiti.

Hapo ndipo nilipoiona sala yake ina miguu.
Miezi kumi na moja, mvua isiyo na adabu,
bibi wa miaka sabini na moja, koti la plastiki, tochi mdomoni,
akihangaika na kufuli lenye kutu kabla ya alfajiri kupambazuka.
Hakualika gazeti.
Wiki aliyolazwa kwa mapafu
nilipita pale nikienda kazini, roho juu,
nikakuta lango wazi,
na Gilfillan ameegemea nguzo, unga bado kwenye kucha,
ufunguo mkononi kama kitu alichookota.
"Usiandike hili," akaniambia.

Sikuandika.

Lakini mkaguzi wa hesabu na nyaraka alipokuja mwezi wa sita,
alisimamisha kidole chake kwenye ukurasa wa Februari,
pale kati ya dua ya kufungua na agenda ya kwanza,
nilipoacha mistari mitano mitupu.
"Karani, hapa ulisahau?"
Nikamwambia hapana, bwana.
Hicho ndicho walichosema.